Ushauri nasaha wa bure chuoni: uzoefu wangu Nairobi

Nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma, nimetumia mshauri nasaha wa chuo, simu ya usaidizi na kliniki ya afya ya akili hospitalini. Alama za juu nampa mshauri wa chuo, mradi umwendee mapema muhulani.

Afisi yake kwetu iko chini ya mkuu wa wanafunzi, si zahanati, na wengi hupotelea hapo. Nenda na kitambulisho, omba miadi, na karani akiuliza shida ni gani mwambie ni jambo la kibinafsi. Benchi la kusubiria mnakalia pamoja na waliofuata fomu za basari, kwa hivyo hakuna anayejua umefuata nini. (Hili lingekuwa limepangwa makusudi, ningelisifu.)

Kikao huchukua kama dakika 50. Cha kwanza kimejaa maswali: usingizi, chakula, masomo, pombe, mawazo ya kujidhuru. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani ndiyo huduma yote, ilhali kazi yenyewe huanza kikao cha pili au cha tatu. Utapewa pengine PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (huzuni ya kudumu): maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kufikisha 10 si kusema unaugua. Ni dalili kwamba unafaa kuchunguzwa zaidi. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujiumiza, ndilo wanafunzi huandikia sifuri kwa kuogopa polisi. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ukificha, mshauri atakupangia miadi ya mbali kama mtu asiye na haraka, nawe ulistahili kuonwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu siri, uliza mwanzoni kabisa ni nani anayeona faili. Kanuni ya kawaida ni kwamba hakuna kinachomfikia mhadhiri wala mzazi, isipokuwa kuna hatari ya wewe kujidhuru au kumdhuru mwingine.

Kasoro zipo. Karibu na mitihani foleni hurefuka vibaya. Mshauri haandiki dawa. Tena, barua yake pekee huenda isitoshe kuahirisha mtihani: kwetu hutakiwa barua ya daktari, nayo ifike idarani kabla ya karatasi kufanywa. Ukiileta baadaye unahesabiwa umekosa mtihani, na hapo kujieleza ni kazi ngumu.

Washauri rika, yaani wanafunzi wenzako waliofunzwa kushauri, wanafaa kukusindikiza afisini. Mambo mazito nisingemwambia mtu tunayeishi naye bweni moja.

Usiku nategemea simu ya usaidizi, 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haikati pesa. Inakutuliza na kukuelekeza pa kwenda, ila usitarajie kuendelea na mtu yule yule kila ukipiga.

Kliniki ni ya wakati huwezi kulala, kula au kutoka kitandani, au mshauri amekuandikia rufaa. Uliza bei ya kadi, ya daktari na ya dawa kila moja kivyake, kwa maana huduma moja kuwa nafuu hakumaanishi zote ni nafuu. Dawa za sonona kama fluoxetine huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, huku kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu vikitangulia siku za kwanza. Ndiyo maana wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani zinawadhuru. Usiache ghafla, rudi kwa daktari abadilishe kipimo au dawa. Lakini mawazo ya kujiumiza yakizidi baada ya kuanza, usingoje miadi, rudi siku hiyo hiyo. Na kabla ya likizo ndefu, hesabu vidonge, kisha omba barua yenye jina la dawa na kipimo chake ili hospitali ya kaunti ya nyumbani iendelee ulipofikia.