Kukagua mfumo wa kupoza injini ya IST, gereji ya Tabata: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mtakayoitafuta. Kupima presha, kuflashi (kusuuza) mfumo mzima na kutoa upepo ulionaswa ndani: shilingi 50,000. Kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya pinki iliyochanganywa tayari, lita tano: 48,000. Themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta) na gasketi yake: 38,000. Mfuniko wa rejeta: 15,000. Jumla 151,000. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi hiyo ni hela ya maana, na huku kwetu Mbezi kuna mafundi ambao wangenifanyia "kazi hiyo hiyo" kwa chini ya nusu. Ila kazi si hiyo hiyo, na ndiyo sababu naandika.

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ. Shida yake ilikuwa kulanti kupungua kidogo kidogo kwenye kopo la akiba bila tone kuonekana chini. Nilipouliza mtaani nikapewa majibu matatu kwa mafundi wawili: gasketi ya silinda hedi (kizibo cha chini ya kichwa cha injini) imekufa, wota pampu imekufa, au "dada, weka tu maji uendelee". Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Wenye IST na Vitz za zamani mnajua pia kwamba hatuna geji ya joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikishachemka, katikati hapo hujui kitu. Ukiwa kwenye foleni ya Kimara kuja Ubungo mwezi wa pili, AC imewashwa, kutojua huko kunachosha roho.

Kwenye gereji hii jambo la kwanza fundi alilofanya ni kukataa kufungua. Nilikuwa nimetoka barabarani, akagusa mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, akaniambia, "Mama, hili tuliache lipoe kwanza." Likaachwa boneti wazi, funguo zikatolewa kabisa, na soketi ya feni ikachomolewa, kwa sababu kuna magari ambayo feni inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, na kidole kikiwa pale basi tena. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko nilivyopanga, na hilo nitalirudia. Lakini sababu yake ni ya kweli. Mfuniko wa rejeta wa gari langu umeandikwa 1.1, yaani unashikilia presha ya karibu mara moja zaidi ya ile ya hewa ya kawaida. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwa nyuzi 100. Ndani ya mfumo uliofungwa kwa presha hiyo yanaweza kupita 120 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko presha inaondoka ghafla, na yale maji yanageuka mvuke papo hapo usoni kwako. Watu wanaunguzwa hivyo kila siku pembeni mwa barabara, tena wengi wakiwa na haraka ya kuongeza maji. Hata lilipopoa, fundi aliweka kitambaa kinene juu, akageuza mfuniko hadi kituo cha kwanza, akasubiri kama kuna pumzi inayotoka, ndipo akaubonyeza na kuutoa.

Kisha ikaja pampu ya mkono yenye geji, na hapa ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Inafungwa mahali pa mfuniko, fundi anapampu mpaka ile 1.1, wote mnakaa kuangalia mshale. Ukishuka, mahali fulani panavuja na mnatafuta kwa tochi. Mshale wangu haukushuka. Wota pampu nzima, mipira mizima, rejeta nzima. Halafu akapima mfuniko wenyewe kwa kifaa hicho hicho, ukaachia hata kabla ya nusu. Kwa hiyo kulanti ilikuwa inachemka mapema kwenye foleni, inasukumwa kwenda kopo la akiba, na inatokea kwenye mrija wa juu ikiwa mvuke. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu. Shida iliyokuwa inaitwa gasketi ya hedi ilikuwa mfuniko wa elfu kumi na tano.

Suala la gasketi nalo halikuachwa kwa maneno. Wana chupa ya kioo yenye maji ya bluu, inawekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Kama moshi wa injini unapenya kuingia kwenye kulanti, yale maji yanageuka manjano. Yalibaki bluu. Kama umeambiwa gasketi imekufa, omba kipimo hiki kabla hujakubali hedi ifunguliwe. Fundi asiyekuwa nacho si lazima awe mbaya, ila anakisia, na anakisia kwa mfuko wako.

Kwenye themostati tulibishana kidogo, mimi na fundi tukiwa upande mmoja na mteja mwingine aliyekuwa anasubiri akiwa upande wa pili. Nyumba ya themostati ilipofunguliwa ilikuwa tupu. Mtu fulani kabla yangu aliitoa akaitupa. Hapo nikaelewa kwa nini taa ya bluu ilikuwa inachelewa sana kuzima asubuhi, kwenye jiji ambalo hata usiku tunalala na feni. Yule mteja, baba mmoja mwenye Noah, akasema nchi ya joto haina haja na themostati. Wazo hilo limeenea sana na mafundi wengi wanaliamini kwa moyo safi. Lakini themostati ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na ikishafunguka maji yanapita kwenda rejeta. Kazi yake ni kuizuia injini isibaki baridi. Ukiitoa, injini inakimbia barabarani ikiwa haijafikia joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Foleni nayo haitibiki, kwa sababu kwenye foleni anayekosekana ni upepo wa kupita kwenye rejeta, na upepo huo ni kazi ya feni. Themostati iliyoganda ikiwa imefungwa inachemsha gari kweli, dawa yake ni kuweka mpya. Kuunga feni dairekti iwake muda wote ni ndugu wa tabia hii: unaficha sensa au relei iliyokufa, na siku feni yenyewe ikigoma hutapata dalili yoyote ya mapema.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Kutu. Dar visima vingi vina chumvi, na watu wanajaza rejeta kwa dumu lolote lililo karibu. Chumvi na aluminiamu havipatani kabisa. Waliflashi kwa maji ya bomba mpaka yakatoka meupe, wakasuuza mara ya mwisho kwa maji yale ya kuongezea kwenye betri, yasiyo na madini. Angalizo hapo: madukani "maji ya betri" wanaweza kukupa asidi. Soma chupa.

Kuhusu kulanti, niliulizwa kama nataka ya kijani ya bei rahisi. Nikakataa, si kwa sababu ya rangi. Rangi ni ya kutiwa kiwandani tu, kila kampuni inatia inavyotaka. Nilichoangalia ni kama chupa imeandikwa inafaa magari ya Kijapani, na kama imechanganywa tayari. Ile isiyochanganywa ukiimimina kavu kavu inapoza vibaya kuliko ikiwa nusu kwa nusu na maji. Na kwa wanaouliza ya nini wakati Dar hakuna barafu: inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Toyota wanasema kulanti yao ya pinki, Super Long Life, inabadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 na baada ya hapo kila 80,000. Gari la mtumba ambalo hujui limewekwa nini, hesabu hiyo haikuhusu, anza upya.

Kutoa upepo walifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Pua ya gari juu kidogo, hita imewekwa kwenye joto kali, ile sehemu nyekundu ya kitasa ambayo Dar hakuna anayeigusa, na kulanti inamiminwa taratibu huku mipira ikiminywa. Gari likaachwa sailensa, yaani linanguruma likiwa limesimama, mashine ya daignosisi imechomekwa, tunasoma joto. Lilipopita tisini na kitu feni ikawaka, likashuka, feni ikazima. Hapo nikaridhika.

Sasa lawama zangu. Kusubiri, nimeshasema; ningeambiwa kwa simu kwamba gari lazima liwe baridi ningejipanga. Wakanisukumia pia dawa ya kusafisha injini ambayo haihusiani kabisa na nilichofuata. Lakini kubwa zaidi, kijana alibeba karai la kulanti chakavu akalimwaga mtaroni. Nilipolalamika nikajibiwa, "Mama, hayo ni maji tu." Si maji. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, ina utamu, na mtoto au mbwa akiinywa inaharibu figo na inaua. Na iliyobaki walitaka kunipa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa! Nilikataa, nikaichukua kwenye dumu lake lenye lebo, na lipo juu ya kabati ambako wajukuu wa mama mwenye nyumba hawafiki. Ikitokea mtu amemeza, ni hospitali moja kwa moja, mkiwa na chupa mkononi, bila kusubiri dalili.

Fundi alinipa pia maelekezo ya siku taa nyekundu ikiwaka, na nayaandika kwa sababu yanapingana na yanayofanyika pale Ubungo. Zima AC, washa hita yote kama huna pa kusimama haraka, toka pembeni, zima injini, acha boneti ipumue. Watu watakuja na dumu la maji kwa nia njema kabisa. Washukuru, lakini maji ya baridi yasimwagwe juu ya injini, hedi ya aluminiamu inapinda au kupasuka. Na usiisubiri taa kama unaona mvuke: kulanti ikishaisha, sensa inabaki hewani na inaweza isisome joto la kweli.

Tangu hapo kopo la akiba limebaki kwenye mstari, naliangalia asubuhi kabla sijawasha. Taa ya bluu inazima mapema. Gari limepunguza kulamba mafuta, ingawa sijapima kwa karatasi.

Nawapa nyota nne kati ya tano, moja imebaki mtaroni. Mkienda gereji yoyote yenye pampu ya kupimia, lipelekeni jioni lilale pale. Saa mbili asubuhi injini ipo baridi na wanaanza bila kukuweka benchi.