Mkono, maka peni na ramani: video nane za Bouchra Khalili

Jamani hii kazi nimeitazama wiki mbili zilizopita na mpaka leo haijanitoka kichwani, ndo maana naandika. Inaitwa The Mapping Journey Project, ya Bouchra Khalili, msanii mzaliwa wa Casablanca, aliitengeneza kati ya 2008 na 2011. Si mpya, ilishaonyeshwa MoMA, jumba la sanaa kule New York, 2016 na kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale kule Italia 2024, ila mimi ndo nimekutana nayo sasa.

Ni video nane, kila moja na skrini yake, we unapita katikati tu unachagua pa kukaa. Na kila skrini ina kitu kilekile: ramani, mkono wa mtu, maka peni. Basi. Sura huoni hata moja. Mtu anasimulia alivoondoka kwao, huku mkono unachora njia aliyopita, kavuka mpaka, karudishwa, kakaa miezi, kaondoka tena, na mstari unafata hukohuko. Nilijua ntachoka, nikajiambia dakika kumi zinatosha. Nilikaa karibu masaa mawili maana kuna nilizorudia.

Iliyonishika zaidi ni ya kijana Mpalestina anayetoka Ramallah kwenda Jerusalem Mashariki kumwona mchumba wake. Ukiangalia ramani ni hapo tu, kilomita 20 hazifiki. Lakini haruhusiwi kupita, kwa hiyo kalamu hainyooki, inazunguka, inakwepa vituo vya ukaguzi, inatafuta pa kupenya, na yeye anaeleza kwa sauti tulivu kabisa kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba ya jirani. Kwenye video zingine watu wanavuka bahari na nchi kadhaa, huyu anaenda kumwona mpenzi wake tu, na jasho ni lilelile. Hapo nilivua hedfoni nikakaa kimya kidogo.

Hilo la kutoonyesha sura nimelifikiria sana. Kwenye habari tumezoea wahamiaji wamejazana kwenye boti, kamera imewasogelea mpaka kwenye machozi, na hakuna anayewauliza walianzia wapi. Hapa huna machozi ya kuangalia, inabidi usikilize. Halafu kuna usalama pia, wengi wa hawa Khalili alikutana nao kwenye miji kama Marseille, Roma, Barcelona na Istanbul, na mtu asiye na makaratasi sura yake si ya kuchezea. Na anayeshika kalamu ni mwenye safari mwenyewe. Ramani imechapishwa ikanyooka, mipaka yake safi, kila nchi na rangi yake, halafu inakuja wino mnene wa mtu mmoja unakatiza juu ya hayo yote.

Mimi nimeishi ughaibuni miaka tisa, na kila fomu niliyojaza inauliza umetoka nchi gani, umefika lini, visanduku viwili. Yale ya katikati ya visanduku hakuna aliyewahi kuniuliza. Hii kazi yote ni hayo ya katikati, na sijawahi kuona mtu akiyapa nafasi hivi.

Pamoja na video kuna The Constellations, picha nane za kuchapishwa, njia zilezile zimegeuzwa nyota juu ya bluu, nchi na mipaka imeondolewa. Ni nzuri, na nimeelewa wazo, baharini watu wameongozwa na nyota toka zamani, ila ukishasikia sauti zile hizi picha zinakuwa baridi. Mimi ningeziangalia kwanza, video baadaye.

Malalamiko yangu ni ya ukumbi nilioingia: viti vichache mno kwa kazi inayotaka ukae, na hedfoni moja ilikuwa inakatika upande wa kushoto, nilimwambia mhudumu akatikisa kichwa tu. Na maandishi ya chini ya skrini kuna mahali yanapita haraka, unasoma au unaangalia mkono, vyote viwili huwezi. Ndo maana nilirudia.

Aliyewahi kuona Measures of Distance, video ya msanii Mona Hatoum ya 1988, ile ya barua za mama yake kutoka Beirut zimetandazwa juu ya picha kama pazia la maandishi ya Kiarabu, ataona ni ndugu wa mbali. Ile inakuweka ndani ya familia moja iliyotenganishwa na vita, inauma kwa namna yake. Hii ya Khalili haikuingizi nyumbani kwa mtu, inakuweka njiani naye.

Ikiletwa mji uliopo nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, anza na ya Ramallah, na usisome maelezo ya ukutani kwanza. Ukivaa hedfoni vizuri unasikia mpaka ule mkwaruzo wa kalamu kwenye karatasi, na pale inaponyamaza kidogo kabla ya kuvuka.