Jedwali la Washington na jedwali la Tokyo

Nafundisha uchumi kidato cha tano na cha sita, na somo la akiba ya fedha za kigeni nalifundisha kwa majedwali mawili yanayopatikana bure mtandaoni. Moja la Wizara ya Fedha ya Marekani, linaloonyesha hatifungani za serikali yao, yaani hati inazouza ili kukopa, ziko mikononi mwa nchi zipi. Jingine ni taarifa ya kila mwezi ya Wizara ya Fedha ya Japani kuhusu akiba yake yenyewe.

La Marekani ni jepesi. Ni maandishi matupu, linafunguka hata kwenye simu ya bando dogo, na nchi zimepangwa kuanzia yenye nyingi. Ukirudi nyuma kwenye kumbukumbu zake unaiona China na dola trilioni 1.3 mwaka 2013, kisha inashuka, Japani inaipita mwaka 2019, na mwaka 2025 Uingereza nayo inaipita. Wanafunzi hulipenda kwa sababu lina mbio ndani yake.

Sasa, binti mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, Ubelgiji nchi ndogo vile, hizi zote imezitoa wapi?" Sikuwa na jibu, nikarudi kusoma maelezo ya chini ambayo nilikuwa nayaruka kila mwaka. Yako wazi kabisa: jedwali linafuata mahali hatifungani zinapotunzwa, na mwenyewe halisi anaweza kuwa nchi nyingine. Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ndiko iliko kampuni ya Euroclear, inayotunza dhamana (hatifungani, hisa na kadhalika) za wateja wa kila pembe ya dunia. Tena humo benki kuu zimechanganywa na kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Mstari wa taasisi za serikali upo, lakini ni jumla ya nchi zote. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha akiba ya Japani na ya China kwa jedwali hili peke yake atapata jibu la swali ambalo hakuuliza.

Tokyo wananifurahisha zaidi. Taarifa hutoka siku chache tu baada ya mwezi kuisha, wakati ya Marekani huchelewa wiki sita hivi, na akiba imechambuliwa: hatifungani na dhamana nyingine mstari wake, amana mstari wake, dhahabu mstari wake. Tazama Septemba 2022. Tarehe 22 serikali iliuza dola kuitetea yeni, mara ya kwanza tangu 1998. Mwisho wa mwezi mstari wa dhamana ulikuwa umeshuka kutoka dola bilioni 1,036.8 hadi 985.3, huku amana zikibaki karibu palepale, kwenye bilioni 136. Na si mauzo peke yake yaliyoushusha: riba za Marekani zilikuwa zinapanda, na riba ikipanda bei ya hatifungani iliyokwisha kutolewa hushuka. Darasa likifika hapo huwa kimya, kila mtu anapiga hesabu.

Upungufu wake ni kwamba halitaji dhamana hizo zimetolewa na nchi gani, kwa hiyo la Washington bado nalihitaji. Lakini kama bando lako linatosha jedwali moja tu, fungua la Tokyo la Septemba 2022, na la Agosti uliweke kando yake.