TAHADHARI: "VF39 orijino" iliyofungwa kwa gazeti la Kijapani, Ilala

Wakuu habari za jioni. Kwa yeyote anayesaka turbo ya kwanza (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi; VF39 ni aina mojawapo) huku mfuko umebana, soma hii kabla hujatuma hata mia. Nimepigwa shilingi 1,150,000, na hapo bado sijapata moyo wa kujumlisha hela ya fundi. Jina la ukurasa wa muuzaji na namba zake siweki hapa, nina RB (namba ya taarifa ya polisi) mkononi na askari kaniomba nitulie. Ila namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, maana hadi leo asubuhi tangazo lake lilikuwa hewani.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya turbo, injini EJ205 ya lita 2.0. Kiwandani ilitoka na TD04L ya Mitsubishi, turbo nzuri sana kwa mjini: inaamka mapema, taa za Mwenge zikiruhusu unaondoka na watu. Shida iko juu, mshale wa mizunguko ya injini ukipanda sana inaishiwa pumzi. Wenye Subaru wengi wakifika hapo huanza kutafuta turbo za VF za kampuni ya IHI, zile za STI (Subaru za mbio), kwa kuwa nyingi zinakaa kwenye matundu yale yale bila kukata wala kuchomelea kitu. Ukiwa mtu wa bajeti ukasikia "inafunga moja kwa moja", akili yote inahama. Mimi nilitenga milioni 2.5 kwa kazi nzima.

Tangazo lake liliandikwa: VF39 orijino, imetoka kwenye STI ya Japani, imetembea kilomita 60,000. Ningekunywa chai yangu nikatulia, ningemkamata hapo hapo. VF39 ilifungwa kwenye STI za lita 2.5 zilizouzwa Marekani, za 2004 mpaka 2006. STI za Japani miaka hiyo zilibaki na EJ207 ya lita 2.0, na turbo yake ni nyingine. Yaani tangazo lilikuwa linajikanusha lenyewe. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba haya nilikuwa nayajua. Lakini bei ilikuwa laki nne chini ya niliyopewa na maduka ya vipuri Gerezani, macho yakasoma yalichotaka kusoma.

Akaomba laki tatu ya kutanguliza, "nikutolee mzigo kwa wakala". Nikatuma. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu, "La shemeji yako hilo kaka, usiwe na wasi." Tukapanga kuonana Ilala, na akachagua saa moja kasoro jioni, kwenye maegesho. Duka eti linapakwa rangi. Mzigo ulikuwa kwenye nailoni, na chini ya nailoni gazeti la Kijapani. Nisiwafiche, lile gazeti ndilo lililonimaliza. Ukiona maandishi yale unasema hii imeshuka jana.

Akatoa kifuniko: "Zungusha mwenyewe bosi." Nikaweka kidole kwenye nati ya shafti. Ikazunguka polepole, nzito, kama kijiko kwenye asali. Nikaisukuma huku na huku, haichezi hata chembe. Nikamalizia hela yake yote, nikashukuru na kushukuru.

Siku iliyofunguliwa baada ya kufa ndipo fundi wangu akanipa somo. Turbo za aina hii shafti yake huelea juu ya oili ndani ya beringi. Ikiwa kavu, kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Kisichotakiwa ni kucheza kwenda mbele na nyuma, au panga la feni kugusa ukuta. Muuzaji alikuwa amemimina oili nzito ya gia, ikajaza ule mwanya wote, beringi iliyokufa ikashikika kama mpya. Kwa hiyo ukipewa turbo ya mtumba isiyocheza kabisa na inayotoa ute, omba ioshwe kwa petroli mbele yako, ikauke, ndipo uishike. Akianza kukuambia ana safari, mwache asafiri.

Jambo la pili ni kile kibati cha namba. Kwenye IHI kimepigwa kwa ribiti upande wa kompresa. Cha kwangu kiliandikwa VF39, safi tu, ila ribiti zake zilikuwa zinang'aa kwenye alumini iliyokwishachakaa. Kibati kinahamishika. Chuma cha upande wa ekzosi ndicho kisichodanganya, maana alama yake imetoka nacho kwenye kalibu. VF39 inatakiwa kuwa na P18. Sisi tulikwangua ile rangi ya fedha aliyopulizia, tukakuta P15, ya turbo nyingine ndogo zaidi. Na ile rangi yenyewe, mafundi wanasema hakuna anayepaka turbo nzima rangi kwa kupenda urembo. Ilipopata moto mara ya kwanza ilinuka chumba kizima cha gari, ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Ilidumu siku tatu. Mbili za kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha, nakiri. Ya tatu naelekea Bagamoyo, kabla sijafika Bunju nikasikia king'ora. Nikajua ni gari la wagonjwa, nikasogea pembeni nimpishe. Hakuna aliyepita, ni turbo yangu ndiyo inalia. Nikikanyaga kinalia, nikiachia kinanyamaza. Kwenye kioo cha nyuma moshi wa bluu, bodaboda wameshika pua. Nikazima pale pale. Hilo pekee ndilo nililofanya kwa akili wiki nzima, kwa sababu ningeendelea vipande vya chuma vingeingia kwenye oili na leo ningekuwa natafuta injini.

Nilipompigia muuzaji, maneno alikuwa nayo tayari: "Fundi wako hakusafisha kichujio cha kwenye bolti ya oili." Hapo muwe makini, kwa sababu ni uongo uliovalishwa ukweli. Subaru kweli zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili la turbo, kikiziba turbo inakufa kwa kiu. Anakitaja ili ubaki unagombana na fundi. Bahati nzuri sisi tulikitoa na kukipiga picha siku ya kufunga, ni cheupe. Nikamtumia ile picha. Tiki mbili za bluu, kisha nikafungiwa.

Kuna uongo wake mwingine ambao hauonekani kama uongo. Nilimuuliza kama nitahitaji kupanga upya programu ya gari. Akasema hakuna haja, funga utembee. Kompyuta ya SG5 imepangiwa TD04L. Ukiingiza hewa zaidi bila mafuta ya kuifuata, mchanganyiko unakauka, injini inagonga, na pistoni za EJ205 hupasuka pale katikati ya ringi. VF39 ya kweli inataka injekta (vinyunyizio vya mafuta) kubwa, pampu ya mafuta na mtu wa kuipanga programu. Muuzaji wa namna hii anaijua hesabu yetu. Anajua tukishalipa turbo mfuko umekauka, kwa hiyo anatutamkia neno tunalotamani kulisikia. Mimi milioni 2.5 yangu, ukitoa turbo, fundi, gasketi na oili, ilibaki hela isiyotosha hata injekta. Ningekuwa mkweli na daftari langu, ningeanza na programu na pampu juu ya TD04L hiyo hiyo, nikasubiri mwakani.

Walionitajia bei kabla yake, duka la mtaani, risiti, bei ya juu, niliwaona wezi. Wale walikuwa wananiruhusu niirudishe ndani ya siku saba.

Sasa hivi TD04L imerudi kwenye gari, inafanya kazi. Ile nyingine iko juu ya meza ya fundi, imefunguliwa, na katriji ya ndani (kiini chenye shafti na beringi) haina jina la mtengenezaji wala namba. Anayetaka kuiona kwa macho aniambie nimwelekeze gereji. Na jana binamu yangu kamkuta jamaa kwenye ukurasa mwingine wenye jina jipya: turbo tofauti, gazeti lile lile, lina doa la oili kwenye kona ya kulia. Ukikutana na hiyo picha usimtukane, atalifuta tangazo. Ihifadhi pamoja na namba yake, unitumie inbox. Jumatatu asubuhi nazipeleka kituoni.