Intaneti ya kupiga simu Kisumu, 2001 hadi 2008: maoni ya aliyekuwa mteja

Wiki iliyopita mwenye nyumba alituambia tutoe vitu stoo anataka kupaka rangi, basi nikaanza kuvuta maboksi na huko nyuma kabisa nikapata kompyuta yangu ya kwanza, imejaa vumbi na mavi ya mjusi, modemu bado imefungwa juu yake kwa raba. Nikakaa chini hapo hapo. Nikasema hii habari lazima niiandike, manake nilikuwa mteja wa intaneti ya kupiga simu hapa Kisumu kuanzia 2001 hadi 2008 na sijawahi kusema vile nilivyoiona ile huduma, si kwa kampuni yenyewe, si kwa mtu yeyote. Kampuni sitaitaja. Ofisi yao ya hapa ilifungwa kitambo, na wale vijana waliofanya kazi pale hawana makosa, kuna mmoja namheshimu mpaka leo.

Mimi nina kaduka ka kuchapa na fotokopi, kwa uchochoro unaotoka Oginga Odinga Street. Laini ya simu ya mezani nilikuwa nayo tangu enzi za KPTC, lile shirika la zamani la posta na simu, niliiomba kwa sababu ya faksi. Mwaka 2000 mdogo wangu alienda India, Pune, kusomea famasia, na mwaka huo wote tulimsikia mara tatu. Simu ya India ilikuwa unaongea ukiangalia saa ya ukutani, hujambo, tuko salama, unakata. Barua ya posta nayo unaiandika mahindi yakipandwa, jibu linakuja yamefika kiunoni. Mtu akaniambia si lazima uende saiber, unaweza kuwekewa intaneti kwa duka lako. Nikaenda ofisini kwao, nikajaza fomu, nikalipa miezi mitatu, na kesho yake kijana akaja na begi, akapachika kila kitu, akaniandikia kwa karatasi namba ya kupiga, jina la kuingilia na paswadi, alafu akanifanya nirudie mwenyewe mara nne bila yeye kugusa mausi. Hakuomba hata soda. Hiyo siku nawapa alama zote.

Kwa wale hawakuiona hii kitu, ilikuwa hivi. Modemu inachukua laini yako ya simu, inapiga namba ya kampuni vile mtu anavyopiga, huko kwao modemu nyingine inajibu, zinaanza kuliliana, mlio mrefu wa juu, kisha mkwaruzo, kisha kama upepo kwa mabati, alafu kimya. Ukisikia kimya, imeshika. Chini kulia kwa skrini ya Windows 98 vinatokea vikompyuta viwili vidogo vinapepesa. Nilijifunza kuusikiliza ule mlio kama fundi anavyosikiliza injini, mkwaruzo ukirudia mara ya pili najua leo laini ni mbaya, nakata mwenyewe kabla haijanikata. Modemu iliandikwa 56k lakini hiyo 56 sijawahi kuiona kwa macho, duka langu lilikuwa linapata biti 31,200 kwa sekunde, siku nzuri inapita kidogo, siku ya mvua 19,200 ama chini ya hapo. Na hata hiyo 56 yenyewe ni kilobiti, ukigawanya kwa nane, manake biti nane ndiyo baiti moja, ni kilobaiti saba tu kwa sekunde. Wimbo mmoja wa megabaiti nne kwa laini yangu ulikuwa unakula kama dakika ishirini, na dakika hizo zote mtu akipiga simu ya duka anapata bize.

Laini ikiingia maji mahali fulani huko kwa nguzo, ukiinua simu unasikia kama omena wanamwagwa kwa mafuta ya moto. Hapo sahau. Lakini mbaya zaidi ilikuwa radi. Kisumu mnaijua, jua linawaka mchana kutwa, saa kumi wingu jeusi linashuka kutoka vilima vya Nandi na kabla hujaanua nguo limeshapasuka. Aprili 2002 nilikuwa nimezima kompyuta, nimechomoa stima, nikajua niko salama, kumbe waya wa simu nimeuacha ukutani. Radi ikapita huko huko. Nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu amevunja penseli, alafu harufu ya plastiki iliyoungua. Modemu ikaenda, na pale nyuma ya kompyuta ilipokuwa imechomekwa pakaungua pia. Tangu siku hiyo nikiona wingu waya wa simu ndio wa kwanza kutoka. Hakuna mtu wa kampuni aliyenionya juu ya hiyo kitu na walijua wanauza wapi, huku radi ni ya nyumbani. Sentensi moja tu kwa ile karatasi ya paswadi ingeniokolea pesa nyingi.

Pesa sasa. Ulikuwa unalipa mara mbili, ada ya kampuni kila mwezi, alafu bili ya simu kwa muda wote modemu iko hewani, na hiyo bili ndiyo ilikuwa inaua. Mwezi wa kwanza sikuelewa, nilikuwa naiacha imeshika huku nachapa barua polepole, bili ilipokuja ilikuwa mara tatu ya ada. Kijana wa begi akanifunza. Unaandika barua zako zote kwa Outlook Express laini ikiwa imekatwa, zinakaa hapo zikingoja, alafu unapiga, zako zinaenda, za wenzako zinashuka, unakata. Dakika mbili, tatu. Kusoma utasoma baadaye, hakuna anayekuhesabia.

Na hapo ndipo ilipokuwa raha yake, nasema wazi. Mama alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi kutoka nyumbani, Majengo, anapanda matatu, anafika dukani na kikapu cha ndizi, anakaa kwa kiti cha wateja na anaanza kusema. Anasema Kimaragoli, mimi nachapa vile vile anavyosema, sibadilishi kitu. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Yule jirani wa mtoni ameoa bila kuambia wazee. Upepo umeangusha mparachichi wa nyuma ya jikoni. Kwa kuwa dakika hazihesabiwi hakuwa na haraka, alikuwa ananyamaza, anafikiria, anasema futa hapo, andika hivi. Kwa simu ya India Mama hakuwahi kuongea hivyo hata siku moja, alikuwa anapaza sauti tu umekula? umekula? alafu ananirudishia simu haraka kama imemchoma. Akimaliza anataka nimsomee yote kutoka juu, anasema haya, tuma. Napiga, modemu inaanza kulia, Mama anakumbatia kikapu mpaka kimya kiingie. Kisha anauliza, ameipata? Namwambia imefika, akifungua ataiona.

Sapoti nayo. 2004 mdogo wangu alihitimu na rafiki yake mwenye kamera ya dijitali akatutumia picha nne, zote kwa barua moja, kila picha zaidi ya megabaiti moja. Kwa laini yangu hiyo ni nusu saa na zaidi, na laini haikuwa inakaa nusu saa bila kukatika. Inashuka, inashuka, inakatika, unapiga tena inaanza sifuri, na barua zote zilizoitangulia zinashuka upya, kwa hivyo nikawa na barua ile ile ya mteja mara tisa, na zile za nyuma ya picha hazifiki kabisa, na humo ndani kuna kazi za watu. Nikapigia ofisi. Akapokea kijana yule yule. Akanieleza kwamba laini ikikatika kabla programu haijaaga vizuri, seva haifuti kitu, inajua hujapokea chochote. Akaniuliza, madam, hii ya Pune niifute? Nikamwambia usifute tafadhali, ni graduesheni ya mdogo wangu na Mama anaingojea. Akasema sawa. Akaitoa kwa njia, laini yangu ikafunguka, na jioni akipita kwenda Kondele kupanda matatu akaniletea flopi nne, picha moja kwa kila flopi. Sijapata sapoti kama hiyo tena kwa kampuni yoyote, na sa hizi nalipia faiba.

Lakini kuna jambo moja sijawasamehe.

Mwisho wa 2003 fomu ya bahati nasibu ya Green Card, kile kibali cha kuishi Marekani, iliacha kuwa ya karatasi ikawa ya intaneti peke yake, kuanzia tarehe mosi Novemba hadi 30 Desemba, na watu wakajaa kila mahali palipo na kompyuta. Mimi pia nikaanza kujazia watu. Kulikuwa na sheria moja ya kutisha, ukituma mara mbili unatupwa nje kabisa. Ikienda vizuri unaona ukurasa wa kuthibitisha, na jina lako juu yake. Dada mmoja, mwalimu wa nasari kutoka Nyalenda, alikuja Desemba hiyo na picha zake, tukajaza kila kitu tukakagua herufi kwa herufi, nikabonyeza kutuma, na vile vikompyuta viwili vikazima. Ukurasa hakuna. Imeenda ama haijaenda? Nikapiga tena nikapata bize. Bize, bize, bize, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, manake kampuni ilikuwa imeuza akaunti nyingi kuliko laini ilizokuwa nazo na kila jioni tulikuwa tunagombania mlango mmoja. Tukituma tena na ile ya kwanza ilifika, tumemharibia. Tusipotuma na haikufika, mwaka wake umeenda. Aliamua mwenyewe, akasema wacha ikae hivyo. Sikumchukulia pesa. Hakuna barua iliyomjia na mpaka leo hakuna anayejua kama jina lake lilivuka. Asubuhi nilienda ofisini kwao nikiwa nimekasirika hata sauti inatetemeka, nikaambiwa laini za ziada zimeshaombwa. Zilikuja katikati ya mwaka uliofuata, na muda wote huo walikuwa wanaendelea kusajili wateja wapya.

Kuhusu bei na mwendo hapo nawatetea. Miaka hiyo Kenya haikuwa na waya wa baharini, kila kitu cha kwenda nje kilipanda setelaiti, na setelaiti ni ghali. Hata imeili ya kutoka duka langu kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nairobi ingeweza kupanda huko juu, izunguke mpaka Marekani, ndiyo irudi ishuke Nairobi, hapo tu ambapo basi la usiku linafika asubuhi. Kampuni za intaneti zilianzisha kituo cha pamoja kinachoitwa KIXP mwisho wa 2000 ili data ya hapa ibadilishwe hapa hapa, ikafungwa kwa amri baada ya wiki chache, ikafunguliwa tena 2002. Nyaya zenyewe za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika 2009. Kampuni yangu ilikuwa ishaondoka.

Na vile iliondoka. Jumatatu moja 2008 napiga, inaita tu, hakuna modemu inayojibu. Nikabadilisha waya, nikajaribu mpaka saa sita, nikafunga duka nikaenda. Nikapata kufuli, na karatasi imebandikwa mlangoni yenye namba ya Nairobi. Nairobi wakasema huduma ya kupiga simu upande wetu imesitishwa. Nilikuwa nimelipia mwaka mzima, miezi mitano ilikuwa bado, hiyo pesa sijaiona. Lakini kilichoniuma zaidi ni anwani. Imeili yangu ilikuwa na jina la kampuni, na hiyo anwani ilikuwa kwa kibao cha duka, kwa kadi, kwa risiti, kwa muhuri. Wateja wakawa wanaandika barua zinawarudia, wengine wakadhani nimefunga biashara. Notisi ya wiki moja ingewagharimu nini? Wangeelekeza barua zetu kwingine hata miezi mitatu tu watu wajipange. Kwa kuondoka vile nawapa sifuri. Muhuri niliukata mstari wa chini kwa wembe na bado nautumia, ukiangalia vizuri utaona pale mwisho wino unaacha alama kama ndevu.

Sasa nirudi kwa ile kompyuta. Vile mfumo wao ulivyokuwa, barua zilikuwa zinashuka kwa mashine yako na seva inafuta zake, kwa hivyo kampuni ilipokufa barua zangu hazikufa nayo. Nina marafiki walikuwa na zile anwani za bure za kwa websaiti, wakakaa muda bila kuingia, siku wameingia wakapata kila kitu kimefutwa. Fundi mmoja karibu na Kibuye alitoa diski, akaifunga kwa adapta, akachomeka kwa laptopu, ikaanza kuzunguka. Kama wewe pia ulikuwa mteja enzi hizo usiuzie watu wa vyuma chakavu ile mashine, mwambie fundi atafute faili za Outlook Express zinazoishia na .dbx, unachotaka ni Inbox na Sent Items, azikopi kwanza ndiyo ajaribu kuzifungua.

Za Mama nimeprinti zote, ziko kwa bahasha ya kaki juu ya mashine ya fotokopi, mdogo wangu akija Desemba atazikuta. Macho ya Mama sa hizi hayaoni vizuri kwa hivyo nikienda nyumbani namsomea moja moja jioni. Juzi tulifika ile ya ndama na jirani wa mtoni, akanishika mkono, akasema, hapo si nilikuambia ufute?