Kumite kwa wanaoanza: uzoefu wangu wa darasa la karate Tudor, Mombasa

Ukitafuta pa kujifunza karate hapa Mombasa, kabla hujauliza ada, uliza mwanafunzi mpya anaingizwa vipi kwenye kumite, yaani mapambano ya mazoezi ya watu wawili. Mimi nafanya mazoezi jioni katika ukumbi mmoja wa Tudor, karate ya mtindo wa Shotokan, na ni kwa jambo hilo darasa letu linayapita mengine niliyoyaona.

Kabla ya hapo nilipitia klabu moja upande wa Kisauni. Huko mgeni alivishwa glavu mapema na kusimamishwa mbele ya watu wa mkanda wa kahawia, walio karibu na mkanda mweusi. Kijana tuliyeanza pamoja alipasuliwa mdomo, hakurudi tena. Alichoondoka nacho ni kufumba macho kila akiona ngumi inakuja, na tabia hiyo kuitoa ni kazi kubwa.

Tudor tulianza na gohon kumite. Mmoja anashambulia hatua tano mfululizo, mwenzake anarudi nyuma akikinga, na kwenye ngumi ya tano anajibu kwa gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Anayeshambulia hutaja kwanza anapolenga: jodan ni usoni, chudan ni kiwiliwili. Kwa hivyo unajua kinachokuja, na bado moyo unakwenda mbio! Siku moja nilipangwa na kaka mmoja mrefu, mikono yake haiishi. Sensei, mwalimu wetu, akaja akanisogeza nusu hatua, akaniambia, "Dada, tazama kifua chake, mkono utakudanganya." Ngumi iliyofuata ikasimama mbele ya pua yangu, karibu kiasi cha jasho lake kunirukia, nami nikaielewa nafasi inayotakiwa kati ya watu wawili. Kata, yale mazoezi ya miondoko iliyopangwa unayofanya peke yako, naipenda sana, lakini hilo haikupi, hata uirudie mpaka alfajiri.

Baada ya hapo huja ippon kumite, shambulio moja moja, kisha kumite huru, tena na wakongwe wanaojua kuizuia ngumi. Kinga ya meno ni lazima, ile unayoichovya kwenye maji ya moto ukaing'ata ishike umbo la meno yako. Kofia ya kinga husaidia kwa michubuko na kupasuka, ila haizuii ubongo kutikisika, ndiyo maana sensei husimamisha pambano mara tu anapoona hasira. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Sisi wanawake huulizwa pia tungependa kupangwa na nani.

Kasoro zipo. Glavu za darasa ni chache na hazikauki vizuri, heri ununue zako. Msimu wa kaskazi ukumbi ni moto kwelikweli, sakafu inalowa jasho hadi tunasimama kuipangusa kwa tambara ili watu wasiteleze. Feni mbili zaidi zingesaidia.

Ukitaka kuja kutazama kwanza, unaruhusiwa bila malipo. Chagua jioni ya kumite, ukae upande wa mikanda myeupe, yaani wanaoanza.