Uzoefu wangu: kadi ya RAID na fundi alozima alam

Nshatulia kidogo ndo naandika, ningeandika siku ile ile mngesema huyu mwanamke kapagawa. Hii ni habari ya kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ilomo ndani ya seva yetu, kompyuta tunayowekea video, na ya duka la kompyuta pale Darajani lilotuuzia, jina silitaji, waloumia hapo watalijua wenyewe.

Sie tunapiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Wa Unguja na Pemba wanaelewa maana yake, bibi harusi na mama zake na mashoga zake hawana buibui, wamejiachia, wanacheza, na mwenye shughuli anakupa sharti kabla hata hamjapatana bei, hizi asizione mwanamme. Kwa hivyo kupandisha kwenye intaneti hatutaki, tukanunua seva ilokwishatumika, diski nne za terabaiti 4, fundi wa duka akaja kuzipanga RAID 5, mtindo mmojawapo wa kupanga diski. Nkamuuliza kwani 5 na si 10, akasema dada'angu 10 itakula nusu ya nafasi, hii unapata 12 kati ya 16. Kweli kabisa, sikatai. Ila RAID 5 inavumilia diski moja tu kufa, ya pili ikifuata umekwisha, hilo hakulitamka. Nkamwambia basi tia na diski ya akiba mle ndani, ikifa moja hiyo ishike hapo hapo, akasema sloti zimejaa. Na hilo pia kweli! Huyu kijana tatizo lake si ujinga, ingekuwa ujinga ningemsamehe zamani.

Mambo yakaenda vizuri muda mrefu, sina la kusema. Siku moja, Ramadhani ishakaribia, seva ikaanza kulia, piii, piii, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza. Taa ya diski moja imekuwa rangi ya chungwa. Video zote zinafunguka kama kawaida, na ndo kazi ya kontrola, yaani kadi yenyewe hiyo, diski moja ikifa inapiga hesabu ya kilokuwemo kwa kutumia zile tatu zilobaki, wewe unaendelea na shughuli zako, ila kinga huna tena mpaka utie mpya na kontrola imalize kuijaza. Nkapiga simu. Akaja, tena haraka, haki yake nampa. Akaingia kwenye menyu ya kontrola, akasoma soma, akasema, "Dada'angu hii kelele tu, ntakuzimia."

Nkamwambia mwanangu mie sitaki kuzimiwa, nataka diski. Akasema diski dukani hamna, zinasubiriwa kutoka Dar na boti. Huku anasema, kidole keshabonyeza.

Sasa hapa ndo napandwa kila nkikumbuka. Kwenye menyu ile mna mambo mawili tafauti, kunyamazisha na kuzima. Ukiinyamazisha inanyamaza kwa hili la leo, likitokea jengine inalia tena. Ukizima ndo ishazimwa, hata ziteketee zote haitofungua mdomo. Yeye akazima! Mtoto ana homa analia, wewe unamziba mdomo halafu unamwambia mama yake kapoa. Nkamwambia haya, niletee angalau diski ya nje leo hii ninakili hizi harusi za karibuni kabla haijafa nyengine, akacheka, wallahi alicheka, "Si una RAID dada'angu, bekapu ya nini tena." Fundi wa seva huyo anasema hivyo. RAID inakukinga na kufa kwa diski, basi, haikukingi na moto wala mwizi wala mtoto wa ofisini alofuta folda, kwa sababu ukifuta faili linafutika kwenye diski zote papo hapo.

Ramadhani yote ikapita kwa inshaallah. Inshaallah kesho, boti ishafika, mzigo bado uko bandarini Malindi, kesho tena. Ikaja Idi, na baada ya Idi ndo msimu wenyewe, harusi juu ya harusi, kazi haina pa kuwekwa. Usiku mmoja umeme ukacheza, unakwenda unarudi, asubuhi msichana wetu anayehariri ananambia folda hazipo. Nkenda kwenye seva, kimya. Taa mbili za chungwa, na kimya.

Akaja tena, safari hii na begi. Akazichomoa diski, akazirudisha, akatikisa kichwa, halafu akanambia, "Nipe hizi nende nazo dukani nkaziangalie kwa utulivu."

Dukani! Wanawake wa watu waende Darajani wakaangaliwe na genge la vijana kwa utulivu! Nkamwambia hizi diski hazivuki mlango huu, fanya kazi hapa au ondoka. Akanitazama akasema, "Mama, kwani nani atakaa kuangalia harusi." Keshanitoa kwenye dada'angu nshakuwa mama. Duka hili msiende. Nimetia nyota moja na hiyo moja ni kwa vile sifuri haikubali.

Basi akakaa hapo hapo. Seva ilipowaka kontrola ikatoa ujumbe kwamba imekuta diski zenye mpangilio usioutambua, je uingizwe au ufutwe. Yeye kidole kinakwenda kwenye kufuta, ati "tufute tuanze safi." Nliirukia kibodi. Ramani ya jinsi diski zilivyopangwa inakaa pia kwenye diski zenyewe, ukiingiza kontrola inaisoma kutoka huko, ukifuta umeitupa ramani na yako inabaki mashaka. Nkamwambia ingiza. Akaingiza, mkusanyo wa diski zetu bado umelala.

Na hapa, sijui niseme nini, hapa kijana akafanya kazi nzuri. Zilikufa mbili na ukiangalia juu juu zote zina taa sawasawa, lakini ile ilokufa kabla ya Ramadhani ni ya kale, ina habari za wakati ule, ukiirudisha kwa nguvu ukaichanganya na zilobaki unapata uharibifu mtupu. Inayotakiwa irudi ni ile ilotoka mwisho. Akafungua daftari la matukio la kontrola, akasoma mstari kwa mstari, sloti gani ilianza, sloti gani ikafuata, akagundua ya pili haikufa, ilipoteza tu mawasiliano umeme ulipocheza. Akairudisha hiyo peke yake. Ya zamani akaichomoa akaitia kwenye mfuko. Folda zikarejea! Tukazifungua sie wenyewe, yeye tukamgeuzia kiti uso ukutani, na kila kitu kimo. Nkamtilia chai na sambusa. Wakati ule ungeniuliza ningekwambia nenda duka lile, nyota nne, kijana mkali.

Tunanakili kwenda diski ya nje, nilonunua kwengine, nami napekua menyu, nkaona betri ya kontrola imeandikwa imekufa. Nkamuuliza hii tokea lini. "Aa, hiyo ya zamani, nliipita." Aliipita vipi? Kontrola ina kumbukumbu yake ya haraka, inapokea data na kuiambia seva nshaandika hata kabla haijafika kwenye diski, betri ndo inayoshikilia umeme ukikatika. Betri ikifa kontrola yenyewe kwa akili yake inaacha mtindo huo, inaandika moja kwa moja, polepole lakini salama. Fundi wetu kaona polepole atalalamikiwa, akailazimisha iendelee vile vile bila betri. Unguja hii! Kisiwa kilokaa kiza miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mtu anazaliwa hapa na kukulia hapa halafu anaweka imani yake kwenye umeme wa ukutani. Nyota zikarudi moja.

Shemeji yangu wa Wete ananambia achana na makadi, tumia mdadm ya Linux, programu inayopanga diski bila kadi, bure, na mashine ikifa unahamishia diski kwenye Linux nyengine zinasomeka, ilhali kadi ikifa lazima utafute ya ukoo ule ule, nayo hapa utaisubiri na boti kama nlivyosubiri diski. Ana haki pengine. Lakini ile ukiiwekea ulinzi, diski ikifa inakutumia barua pepe, na mie barua pepe nafungua nkikumbuka. Kadi hii kwa kweli sina ugomvi nayo, ilipiga kelele mapema, ilikataa kuandika ovyo bila betri, iliandika kila kitu kwenye daftari lake, kila alolishika yule kijana ilikuwa ishamwonya. Kadi nyota tano. Duka sijui, leo nasema mbili, msiniulize kesho.

Diski mpya imekuja, imejazwa usiku kucha, alam nimeiwasha mwenyewe. Ankara ikaja wanataka pesa ya "kuokoa data". Nimelipa nusu. Nusu ya pili iko kwenye droo, na anajua ilipo, aje aichukue siku atakayonitilia betri.